Wafundwe kwa Adabu za Kwetu

Hotuba ya kamati ya elimu na ustawi wa jamii kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Pangani waishio Dar es Salaam

  

 Miaka iliyopita kamati hii imesimama hapa kuomba madawati na matundu ya vyoo, na mmetoa. Mwaka huu ombi letu kwa fedha ni dogo kuliko hayo. Linawahusu watoto ambao wengi wetu tumewaona nyumbani na hatukujua tuwafanyie nini.

Tuanze na jambo lililotokea mwaka jana. Kijana wetu mmoja wa miaka 15 alikuwa akipita kwenye mtaa usio wa kwao, mchana. Akaona mlango wa nyumba uko wazi, na ndani pangaboi linazunguka. Kijana huyu anapenda kitu kinachozunguka kuliko chakula. Akaingia, akasimama katikati ya sebule, akainua uso kulitazama. Hodi hakupiga. Mama mwenye nyumba akatoka uani, akamkuta, akapiga ukelele.

Mnajua ukelele wa namna hiyo huleta nini. Vijana wakafika mbio, wakamuuliza, "Unafanya nini humu?" Naye akajibu, "Unafanya nini humu?" Wakauliza tena kwa ukali, naye akarudia tena maneno yale yale. Wakaona anawadhihaki. Kofi la kwanza likatua, na la pili. Kilichomwokoa ni mwalimu wa madrasa aliyekuwa akipita njia, akamtambua, akasema huyu ni mtoto wa fulani, mwacheni. Bila mwalimu yule, huenda leo tungekuwa tunazungumza habari ya hitma.

Kijana yule hakuwa mwizi wala hakuwa jeuri. Ana usonji. Baadhi ya watu wenye usonji hurudia maneno wanayoambiwa, hasa wakishikwa na hofu. Alikuwa akiogopa, na woga wake ulitoka kwa sura ya kejeli.

Kwa wale ambao neno hili ni geni, usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kuendelea maisha yote. Hauambukizi. Hauletwi na mama kutompenda mtoto, wala na jicho la jirani, wala na chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wapo wasiozungumza kabisa, na wapo wanaozungumza vizuri na kusoma vizuri lakini hawanasi yale ambayo sisi wengine tunayanasa bila kuambiwa: sauti imebadilika, mtu amechoka kukusikiliza, maneno yamesemwa kwa mzaha. Wasichana wenye usonji mara nyingi hawatambuliwi, kwa sababu msichana mkimya husifiwa kuwa ametulia.

Watoto hawa wakiwa wadogo, jamii huwavumilia. Mtoto wa miaka 5 akiingia nyumba ya watu bila hodi, atapewa andazi na kurudishwa kwao. Akiwa na miaka 15, ana mabega na sauti nzito, kitendo kile kile kinamtafutia kipigo. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa watoto hawa tumeuona ulimwengu ukifundisha, na fimbo yake ni nzito.

Mafunzo ya kuwasaidia vijana wa aina hii yapo duniani. Yanayojulikana sana yanaitwa PEERS, yaliyoandaliwa na Elizabeth Laugeson na Fred Frankel katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Yalipoandaliwa yalichukua wiki 14, siku moja kwa wiki, saa moja na nusu kila siku. Vijana hukaa chumba kimoja na wazazi chumba kingine, wakifundishwa somo moja kwa pamoja, kisha hupewa zoezi la kufanya nyumbani. Kila jambo hukatwa vipande vidogo vyenye hatua: namna ya kuingia katika mazungumzo ya wenzako, namna ya kujibu ukitaniwa, namna ya kumkaribisha rafiki nyumbani.

Mafunzo hayo yamepelekwa Korea Kusini, Japani, Hong Kong, Israel na Uholanzi. Watafiti wa nchi za Asia walibadilisha mifano na mazoezi yaendane na maisha ya vijana wao, na waliona vijana wakielewa zaidi namna ya kupata marafiki na kudumu nao. Ndipo nasi tukasema: kama Mkorea hakuridhika na adabu za Los Angeles, mtoto wa Pangani je?

Tulianza mwezi wa pili mwaka huu, familia 5, kila Jumamosi asubuhi, kwenye kibaraza cha madrasa moja pale mjini. Mwongozaji alikuwa mwenzetu, mwalimu mstaafu wa elimu maalumu. Tuwe wakweli: tulianza vibaya. Tulichukua mazoezi ya kigeni tukayageuza Kiswahili, tukadhani kazi imekwisha.

Wiki ya pili zoezi lilikuwa kumtazama machoni anayezungumza nawe. Kijana mmoja, mtiifu sana, akaenda nyumbani akalifanya. Babu yake alikuwa akimkemea kwa kuacha mbuzi wafike shambani kwa watu. Kijana akamkazia macho babu yake tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, bila kupepesa. Mzee akatuletea ujumbe kwamba tangu mjukuu wake aanze kufundishwa adabu, amekosa adabu kabisa. Mzee alikuwa na haki. Kwetu sisi, mdogo anayesemwa na mkubwa huinamisha macho. Tena watu wengi wenye usonji huumia kutazamana na mtu machoni. Tulikuwa tunamtesa kijana ili aonekane fedhuli.

Zoezi lingine lilimfundisha kijana kumjibu anayemtania kwa maneno mafupi ya kuonyesha hajali. Kwa mwenzake wa shuleni huenda likafaa. Lakini nyumbani kwetu anayekutania ni nani? Ni mtani wako, ni shemeji, ni bibi yako. Bibi humwita mjukuu wake "mume wangu" na kumdai posa. Mmoja wa vijana wetu aliacha kwenda kwa bibi yake kwa miezi kadhaa. Hakuna aliyejua sababu mpaka alipoulizwa pale kibarazani, akasema yeye hajaoa. Mtoto wa namna hii hahitaji kufundishwa kujibu kwa mkato. Anahitaji kuambiwa kuwa bibi anapokuita mume wangu maana yake anakupenda, na jibu lake ni kumwambia mke wangu, chai iko wapi? Leo hii anakwenda kila Ijumaa, na chai anapewa.

Baada ya wiki ya tatu tuliyaweka kando makaratasi yale, tukabaki na ule mtindo wa hatua ndogo ndogo na kazi ya nyumbani. Masomo yenyewe tukaanza kuyaandika upya sisi, wazazi na wazee. Hapo ndipo tulipogundua jambo la kuchekesha: sisi wenyewe hatuzijui kanuni zetu. Tunazifuata tu. Tulibishana karibu saa nzima kuhusu nani anapewa shikamoo. Kaka aliyekuzidi miaka miwili? Mke wa mjomba ambaye ni mdogo kwako kwa umri? Kijana wetu mmoja alikuwa akipanda kivuko cha Bweni huwapa shikamoo abiria wote, mmoja mmoja, pamoja na mtoto aliyebebwa mgongoni. Abiria walicheka, naye akaona wanamfurahia, akarudia kesho yake. Tulimfundisha hivi: penye watu wengi toa salamu moja kwa wote, kisha kaa. Aliye wa rika la mama yako au zaidi, shikamoo. Ukiwa na shaka, shikamoo, maana hakuna mtu mzima atakayeikataa. Sentensi tatu, na mazoezi ya wiki mbili kwenye kivuko chenyewe.

Tukaendelea kuandika yale ambayo Mswahili husema na kumaanisha jambo jingine. Mtu anaondoka, anasema "nakuja". Kijana wetu anasimama mlangoni kumsubiri mpaka giza linaingia. Mtu anakula, anakwambia "karibu". Kijana ananawa mikono na kuketi, leo na kesho na keshokutwa, mpaka jirani anaanza kufunga mlango wakati wa chakula. Mwenye duka anasema "kesho, inshallah", na kijana anafika kesho yake saa 1 asubuhi kudai. Sisi tunajua karibu ipi ni ya kukaa na ipi ni ya kujibu "asante, nimeshiba". Tulijuaje? Hatukumbuki. Yeye lazima aambiwe: ukialikwa mara moja, shukuru, ukivutiwa kiti na kuletewa maji ya kunawa, kaa.

Hodi ilituchukua wiki tatu nzima. Tulipita nyumba hadi nyumba kwa ruhusa ya wenyewe. Simama nje ya mlango hata kama uko wazi. Sema hodi. Ngoja. Sema hodi mara ya pili, ngoja. Mara ya tatu, kisha ondoka. Hata ukiona pangaboi, ngoja. Kijana yule wa mwaka jana sasa anapiga hodi hata kwao. Mama yake anasema humchosha, lakini analala usingizi.

Msiba nao tuliufundisha, kwa sababu huko ndiko kijana wa kwetu huonekana ametokana na watu au hapana. Ingia taratibu, sema poleni, kaa na wanaume au na wanawake inavyokuhusu, usiulize marehemu ameacha nini. Tukafundisha kupanga foleni bombani, kupatana na bodaboda bei kabla ya kupanda, kupokea kitu kwa mkono wa kulia. Ni mambo madogo ya kila siku, na ndiyo yanayomfanya mtu ahesabiwe ni mtu.

Wazee wetu waliopo hapa watauliza: hivi haya si yale yale ya jando na unyago? Ndiyo, na tunaona fahari kusema hivyo. Zamani kijana hakuachiwa ajue mwenyewe. Alikuwa na kungwi wake na somo wake, akakaa siku kadhaa, akaambiwa neno kwa neno, kwa nyimbo na kwa vitendo, akarudia mpaka akajua. Kufunda wazi wazi ni kazi tuliyoiacha mkononi mwetu wenyewe, na watoto wenye usonji ndio waliokosa zaidi, kwa sababu wengine hujifunza kwa kuchungulia nao hawawezi. Mama mmoja mtu mzima, kungwi wa siku nyingi, alipokuja kibarazani alitusahihisha papo hapo: maneno yenu ni mengi, punguzeni, rudieni. Wataalamu wa mafunzo haya wanasema vivyo hivyo.

Lakini kuna jambo ambalo hatukulichukua kama lilivyokuwa, na hili tunalisema kwa heshima. Adabu yetu humfundisha mtoto kumtii kila mtu mzima. Tuna msichana wa miaka 16 kwenye kundi, ametulia, akiambiwa njoo anakuja, akiambiwa usimwambie mama hasemi. Mama yake alipolieleza hilo mbele yetu alilia, na kina baba waliinamisha vichwa, kwa sababu kila mmoja alielewa anachokiogopa. Mtoto aliyefundishwa utii tu amekabidhiwa kwa yeyote mwenye nia mbaya. Kwa hiyo tumeweka somo la "hapana": sehemu za mwili ambazo hakuna wa kuzigusa, na siri ambazo haziwekwi hata kama aliyeziagiza ni mkubwa, ni jamaa au ni mwalimu. Binti anataja majina ya watu watatu wa kuwaambia. Anafanya mazoezi ya kusema hapana kwa sauti. Siku ya kwanza sauti haikutoka kabisa. Siku ya nne ilisikika mpaka barabarani. Hatujawahi kufurahia kelele kiasi kile.

Ndugu zetu, tusije tukawadanganya. Mafunzo haya hayaondoi usonji, wala hatuyafanyi ili tuwageuze watoto hawa wawe watu wengine. Watu wazima wenye usonji katika nchi nyingi wameeleza kuwa kuigiza siku nzima ili ufanane na wengine huchosha na kuumiza moyo. Kijana akipunga mikono akifurahi, mwacheni apunge, hamdhuru mtu. Akitaka kukaa peke yake baada ya harusi yenye ngoma na watu 300, hajasusa, anapumzika. Sisi tunamfundisha yale yatakayomlinda na yale anayoyataka mwenyewe. Wanachotaka zaidi, tulipowauliza, ni rafiki. Mmoja alisema anataka mtu wa kwenda naye kutazama mpira.

Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuishia kwa kijana peke yake. Vijana wenzake wa mtaani wameanza kuja nasi Jumamosi, wawili wawili. Tumezungumza na bodaboda wa kijiwe cha stendi, na mabaharia wa kivuko, na wenyeviti wa vitongoji viwili, kwamba ukimuuliza kijana swali naye akakurudishia, usiuliza kwa ukali zaidi. Punguza sauti, uliza kwa maneno machache, mpe nafasi, mwite mzazi. Mmoja wa vijana waliompiga yule wa pangaboi sasa ni miongoni mwa wanaokuja Jumamosi. Hakuna aliyemlazimisha.

Tuliko sasa ni hapa. Familia 5 zilianza, zimebaki 4. Ile ya tano ilitoka kijijini, mama na mwanawe walikuwa wakilipa nauli ya bodaboda na kivuko kwenda na kurudi kila Jumamosi, mwisho ikawashinda. Mwalimu wetu hajalipwa hata senti, na hajawahi kulalamika, ndiyo maana tunalalamika kwa niaba yake. Na tunazo familia nyingine 4 zinazosubiri.

Tunaomba kuendesha kundi moja la familia 8 kwa wiki 14, kuanzia mwezi wa kwanza. Hesabu yenyewe ni hii:

Nauli na chai, shilingi 10,000 kwa kila familia kwa kila Jumamosi: 1,120,000.
Posho ya waongozaji wawili, shilingi 30,000 kwa kila mmoja kwa kila Jumamosi: 840,000.
Safari 3 za mtaalamu kutoka mjini kuja kutukagua na kutusahihisha, shilingi 250,000 kila safari: 750,000.
Daftari, kadi za picha na kuchapa masomo tuliyoyaandika: 240,000.
Jumla ni shilingi 2,950,000.

Shilingi 140,000 zinamchukua mzazi mmoja na mwanawe tangu Jumamosi ya kwanza hadi ya mwisho. Anayeweza hiyo, tunamshukuru. Anayeweza 10,000 ameilipia Jumamosi moja, na Jumamosi moja inatosha kujifunza hodi nusu. Mweka hazina yuko pale karibu na mlango, na ahadi zinaandikwa. Taarifa ya mapato na matumizi itasomwa kwenye mkutano wa mwakani mbele yenu, shilingi kwa shilingi.

Lipo pia ombi lisilo la fedha. Wengi wetu tutakwenda nyumbani kwa sikukuu. Katika ukoo wako yupo mtoto ambaye wageni wakija hupelekwa chumba cha nyuma. Ukifika, muulizie. Mwambie mama yake amlete sebuleni. Akikaa kimya, kaa naye kimya. Akikueleza habari za mashine ya kivuko kwa nusu saa, sikiliza, maana huenda anaijua kuliko nahodha. Na kama mama yake bado anadhani amelogewa mtoto, au analaumiwa na mawifi kwamba yeye ndiye chanzo, mweleze uliyoyasikia hapa, kisha mwelekeze kibarazani kwetu. Jumamosi, saa 3 asubuhi. Hahitaji barua wala cheti cha daktari.

Pangani ni mji mdogo. Udogo huo ndio mali tuliyonayo na Los Angeles hawana. Kwetu inawezekana kabisa kila mtu, kutoka kivukoni mpaka sokoni, amjue kijana huyu kwa jina na ajue namna ya kumsemesha. Mwaka jana aliyemjua alikuwa mtu mmoja tu, tena alipita kwa bahati. Tusaidieni wawe wengi.